Niambie Nikanyage Wapi

Mwenzangu wa kule Maji ya Chai amefariki. Habari ililetwa mjini na mama mmoja muuza ndizi, jirani yake, aliyeshuka kwenye basi na kuja moja kwa moja hadi kibandani kwangu ninakotengeneza baiskeli, kabla hata ya kuutua mzigo wake kichwani. Nilikuwa nimeinama nikiziba tundu la mpira. Akasimama mbele yangu akasema, "Mzee, yule ndugu yako hatunaye." Ningependa kuwaambia wasomaji wangu kwamba nililia. Sikulia, si wakati ule. Niliogopa. Gundi ilinimwagikia kwenye suruali nisijue, na mwenye baiskeli akaniuliza kama naumwa. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimekaa na marehemu nyumbani kwake, naye aliniuliza swali. Nilimjibu kweli, na kweli ile haikuwa ile aliyotaka kuisikia. Kisha nikapanda basi nikarudi kwangu Lemara. Kwa hiyo nilipoambiwa amekwenda, jambo la kwanza lililonijia ni kwamba pengine amekwenda akiwa bado anaogopa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia neno.

Mazishini, kando ya migomba yake mwenyewe, mengi mazuri yalisemwa. Mchungaji alisema alikuwa Mkristo mwaminifu, na ni kweli. Mshili, yaani kiongozi wa ukoo wao, alisema marehemu hakuwahi kugombana na jirani kwa ajili ya mpaka, na hilo pia ni kweli. Kisha mwanawe mkubwa, kijana mpole mwenye sauti nzito kama ya baba yake, akasimama na nishani ya vita mkononi, akasema baba yake alikuwa mtu asiyejua hofu. Watu wakaitikia. Mimi nikatazama chini. Nilimjua marehemu tangu tukiwa wavulana, na sijapata kumwona mtu aliyeijua hofu vizuri kama yeye. Simsemi vibaya. Siku ile ya mwisho mimi na yeye kuonana aliniambia mwenyewe, "Rika, nikishaondoka watasema mimi simba. Waandikie ukweli katika lile gazeti unaloliandikia. Wanangu wasije wakaogopa siku moja wakadhani wao si wanangu." Basi naandika, mimi niliyeishia darasa la nne, na wasomaji wanaonifahamu watanivumilia nikienda polepole.

Aliniita "rika" nami nikamwita hivyohivyo, kwa sababu tulitahiriwa msimu mmoja, na kwetu mlimani wanaume wa namna hiyo huitana hivyo mpaka uzeeni. Vita vikuu vya pili vilipokuja tuliandikishwa pamoja. Hatukuwa wapiganaji wa bunduki. Tulikuwa jeshi la kazi, wale wa kuchimba barabara, kupakua meli na kubeba madebe ya petroli. Walitupeleka mbali kaskazini, ng'ambo ya jangwa, kwenye pwani ya Libya. Tulifika vita vikiwa vimekwisha kupita pale, vimeacha takataka zake: vifaru vilivyoungua, magari yaliyopinduka, na mabomu yaliyofukiwa ardhini yakimngoja yeyote atakayekanyaga. Wiki ya kwanza tuliona punda mmoja akikanyaga. Sitaeleza tulichokiona. Tangu siku ile mwenzangu alitembea akitazama chini, na hata kambini, mahali palipokanyagwa na kila mtu, alipenda kupita alipopita mwingine. Wenzetu walimcheka. "Wewe, umeangusha senti?" walimwuliza. Naye akawajibu, "Natafuta ya kwako."

Pwani ile ilikuwa ya majabali na upepo wa baridi, na udongo wake mwekundu ulifanana sana na wetu hata mvua ikinyesha ulitukumbusha nyumbani kwa harufu. Wagiriki wa kale walikuwa wamejenga mji pale, kabla ya Kristo, na nguzo zake bado zimelala majanini kama magogo ya mawe. Tena kambini kwetu alikuwako Mgiriki mmoja wa siku hizi, mkalimani wa Waingereza. Kabla ya vita alikuwa akizamia bahari ile kutafuta sifongo, zile za kuogea, na katika ujana wake alikuwa amefanya kazi ya reli kwetu Tanganyika. Kwa hiyo alikijua Kiswahili, kile cha kuwaamrisha vibarua, ila yeye alikitumia kwa kutania. Vita vilipoanza alikuwa ameificha mashua yake kwenye ghuba ndogo, na Jumapili moja akaomba ruhusa ya kwenda kuitazama. Sajenti akampa sisi wawili tukamsaidie kuivuta. Njia ilikuwa moja tu, nyembamba, juu ya majabali kando ya bahari. Askari wa kutegua mabomu walikuwa wameisafisha na kuiwekea mawe yaliyopakwa chokaa kulia na kushoto. "Ndani ya mawe ni salama," sajenti alituambia. "Nje ya mawe, mimi siwajui."

Tulikwenda mmoja nyuma ya mwingine, Mgiriki mbele, mwenzangu katikati, mimi nyuma. Bahari ilikuwa chini yetu ikipiga majabali, na sisi watu wa mlimani hatukuipenda hata kidogo. Nadhani Mgiriki aliiona hofu yetu, maana alianza kusimulia ili tusahau miguu yetu. Kumbe njia ile yote ilikuwa na hadithi za babu zake, kila kona na yake. Akatuonyesha korongo lenye miti. "Hapa zamani bustani. Matunda yake dhahabu. Nyoka kubwa nalinda, halali hata kidogo."

"Sasa nyoka yuko wapi?" mwenzangu akamwuliza.

"Mtu moja nguvu sana naua yeye."

"Na matunda?"

"Nachukua yote."

"Basi hiyo ni habari ya mwizi," mwenzangu akasema. "Kwetu tungemfunga." Mgiriki akacheka mpaka akashika mbavu, nasi tukacheka, na kwa muda kidogo njia ikawa fupi.

Hadithi iliyofuata haikuchekesha. Palikuwa na mpiga kinubi, akasema, aliyefiwa na mkewe siku ileile ya arusi. Akashuka chini kwa wafu akawapigia kinubi chake mpaka mfalme wao akamwonea huruma. Akaambiwa, mchukue, atakufuata nyuma, lakini usigeuke kumtazama mpaka mtoke wote wawili kwenye mwanga. Wakapanda. Karibu na mlango akageuka, na mwanamke akarudi chini, asionekane tena. Mwenzangu alikuwa amemwacha nyumbani mke na mtoto mchanga. Akauliza, "Kwa nini aligeuka?"

"Naogopa. Nafikiri pengine mwanamke hayuko."

"Si angemwita tu? Angesema, 'Mama, upo?' Naye angejibu, 'Nipo.'"

Mgiriki alisimama akamtazama. "Hiyo," akasema, "hapana mtu nafikiri."

Mbele kidogo tulifika kwenye pango lenye chemchemi ndani yake, karibu kabisa na njia, ndani ya yale mawe meupe. Maji yalikuwa safi, unaona mpaka chini. Mwenzangu alikuwa na kiu, akapiga magoti akanywa kwa viganja. Ndipo Mgiriki, ambaye utani ulikuwa umemkolea, akapiga makofi. "Aa! Wewe nakunywa maji ya kusahau! Mtu nakufa, nafika hapa, nakunywa hii, basi. Nasahau nyumba, nasahau bibi, nasahau jina yake." Mwenzangu akainuka maji yakimtiririka kidevuni. Mgiriki akayaelekezea kidole meno ya mwenzangu, ya kahawia kama yetu wengi tuliolelewa kwa maji ya mlima wetu, akasema, "Wewe meno ya chai, naogopa maji nyeupe?" Lakini mwenzangu hakuwa akisikia. Alikuwa amesimama palepale, macho ameyafumba, akijipima. Alitaja jina la mkewe. Alitaja jina la mtoto. Akaanza mito ya kwetu, Themi, Nduruma, Usa, Maji ya Chai, akienda kama mtu anayetembea barabarani kuelekea kwao. Alipofika kwenye kijito kidogo nyuma ya nyumba ya mama yake, kile alichokuwa akichota maji utotoni, jina likampotea.

Nikamtajia. Akafumbua macho, akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau. "Ndiyo," akasema. "Lakini umelitaja wewe."

Mtu asiyepata kuogopa hivyo anaweza kucheka. Sisi tulikuwa mbali na nyumbani kiasi kwamba kusahau jina la kijito lilikuwa jambo kubwa. Barua zilikuwa zimekoma. Kila siku tulisikia habari za askari waliorudi makwao bila kuwatambua watoto wao. Mwenzangu hakuwa mjinga, na hakuamini miungu ya Wagiriki. Aliamini kitu chepesi zaidi ambacho hata mimi nilikiamini: kwamba maji yale yalikuwa na wenyewe, kwamba pale palikuwa mahali pa wafu, na kwamba alikuwa amekunywa bila kuomba.

Mbele ya pango jabali lilikuwa limechongwa vyumba vidogovidogo vya makaburi, na chini yake, katika udongo mwekundu, ulikuwapo mstari wa mimea ya kijani yenye majani marefu mapana yanayotoka chini na kusimama wima. Mwenzangu akasimama. "Rika," akasema taratibu, "isale." Wasomaji wa mlimani hawahitaji kuelezwa. Kwa ajili ya wengine naeleza: isale, au masale yakiwa mengi, ni mmea tunaoupanda mipakani na makaburini. Mtu aliyekosa akileta jani la isale mkononi, yule aliyekosewa hawezi kumkatalia msamaha. Nami nilipoutazama mmea ule niliona ni isale kweli, tena umepandwa kwa mstari, tena mbele ya makaburi. Baadaye Mgiriki alitueleza kwamba wafugaji Waarabu wa pale huupanda mipakani na makaburini vilevile, kwa hiyo hatukuwa tumekosea sana. "Nitachukua jani moja," mwenzangu akasema, "niwaombe radhi." Nikamwambia tungoje mpaka wakati wa kurudi. Akasema, "Na nikishasahau ninachoombea?" Na mtu yule, ambaye kila siku alitembea akitazama chini, kwa mara ya kwanza alikuwa akitazama mbele. Alivuka mawe meupe akaenda.

Mgiriki ndiye aliyepiga kelele kwanza, kwa lugha yake. Mwenzangu alikuwa amekwisha kuinama na kuvunja jani. Akabaki ameinama. Hakuinuka. Nikamwita, na sauti yake ikaja nyembamba kama ya mtoto. "Rika, viko hapa. Karibu na mkono wangu. Vijiti vitatu vya chuma, vimetoka kwenye udongo kama vipembe vya kimbuzi." Sote watatu tulijua vipembe vile ni vya nini, tulikuwa tumeonyeshwa kambini kwenye picha. Upepo ulikoma, au mimi niliacha kuusikia. Mgiriki alikaa chini katikati ya njia, akashika kichwa chake, akaanza kusema neno moja tena na tena, na machozi yakamtoka. Mimi miguu yangu haikuwapo. Nasema kweli, niliitazama nione kama bado nimesimama.

"Usiogope!" nikapiga kelele. "Usiogope, rika!"

Akakasirika. Kutoka pale alipoinama, jani mkononi, alikasirika, akasema maneno ambayo ndiyo sababu ya makala hii. "Usiniambie nisiogope! Niambie nikanyage wapi!"

Ndipo nikaitazama ardhi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na udongo ulikuwa umeziweka nyayo zake wazi, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye mawe mpaka pale alipokuwa. Nikamwambia ageuke arudi juu ya nyayo zake. Akasema, "Sigeuki." Nikamsihi. "Sigeuki, rika. Nikigeuka nitakupoteza. Wewe sema tu, nikusikie upo." Nikaelewa kwamba hadithi ya yule mpiga kinubi ilikuwa imemshika, na kwamba hapakuwa na wakati wa kuiondoa. Basi atarudi kinyumenyume, na macho yake yatakuwa macho yangu. Nikapiga magoti kwenye mawe nizione nyayo vizuri. "Inuka taratibu. Hivyo. Mguu wa kulia, rudisha nyuma. Kidogo zaidi. Shoto kidogo. Weka." Akaweka. "Sasa wa kushoto." Kila mara kabla ya kuhamisha mguu aliuliza, "Upo?" nami nikajibu, "Nipo." Mara moja kisigino chake kiligusa kitu kigumu kikalia. Lilikuwa jiwe. Nilisema mpaka koo likakauka, na Mgiriki akaacha kulia akawa anaurudia mguu wa kulia na mguu wa kushoto pamoja nami, kwa kunong'ona, kama mtu anayejibu sala kanisani.

"Nimefika kwenye mawe?" aliuliza karibu na mwisho.

"Bado. Karibu."

Akaja hatua nyingine, na nyingine, mpaka mgongo wake ukanifikia kifuani, nikamshika kiunoni kwa mikono yote miwili nikamvuta ndani ya njia. Tulianguka wote wawili. Hapo ndipo nilipomwambia, "Umefika." Kisha mwenzangu akaenda akaliweka jani lake mlangoni pa pango, ndani ya mawe, akaomba radhi kwa Kimeru, kwa sauti. Mgiriki akafanya ishara ya msalaba. Hatukuendelea hadi ghubani. "Mashua nangoja," Mgiriki akasema, na sijui kama aliwahi kuiona tena. Jioni ile mkono wa mwenzangu ulianza kuwasha na kuvimba kwa utomvu wa lile jani, akajikuna siku kadhaa. Alikuwa wa kwanza kucheka. "Rika," alisema, "isale hauwashi. Nimeomba radhi kwa upupu." Na ghafla, katikati ya kujikuna, akalitaja jina la kile kijito, yeye mwenyewe, bila kuulizwa.

Baada ya vita alipata kazi kwenye shamba la kahawa karibu na Usa River, shamba la Mgiriki mwingine, na kila nilipopita kumwona nilimkuta kitaluni akinyeshea miche, au kwake Maji ya Chai akipunguza masale ya mpakani. Hakusimulia vita. Watoto walipomwuliza aliua wangapi alisema, "Chawa wengi." Lakini mara moja nilimsikia akiyarudia maneno yale hadharani. Ilikuwa mwaka ule watu wa upande wa kaskazini wa mlima walipohamishwa kwenye ardhi yao, na kila mtu huku chini alikuwa akijiuliza kama zamu yake inafuata. Wapima ardhi walionekana wakipita na minyororo yao, na mahali penye masale yaliyopandwa na babu, watu walikuta jiwe la saruji lenye namba. Mkutano ukaitishwa. Mkubwa mmoja wa serikali akasimama, akasema kwa upole, kupitia karani wake, kwamba watu wasiwe na hofu. Alilisema mara nyingi. Mwenzangu akainuka katikati ya umati, kofia mkononi. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikaona shingo yake ikitetemeka. "Bwana," akasema, "hofu tunayo, na kutuambia tusiwe nayo hakutuondolei. Tuambie tukanyage wapi. Mpaka uko wapi? Nipande wapi kahawa yangu mwaka huu, nisije nikaambiwa nimevuka?" Karani alitafsiri. Mkubwa yule akasema maswali hayo yatajibiwa. Mpaka leo ninapoandika hivi sijui yalijibiwa na nani.

Nimeyafikiri sana maneno yale tangu mazishi. Siku zetu hizi zimejaa watu wanaotuambia tusiogope. Mganga wa hospitali anasema hivyo akiwa ameficha sindano nyuma ya mgongo. Mwalimu anamwambia hivyo mtoto anayemwachisha shule. Dereva wa basi anasema hivyo breki zikilia kwenye mteremko. Mimi pia nimewaambia hivyo watoto wangu, mara nyingi, kwa sababu ni neno rahisi kulisema na linamwacha msemaji huru aende zake. Mambo yanabadilika kwa kasi kuliko tulivyolelewa, mipaka inahama, kazi zinahama, vijana wanakwenda mahali ambapo hatujui majina ya mito yake, na sisi wazee tunasimama njiani tukipiga kelele, usiogope, usiogope. Ni vigumu zaidi kupiga magoti, kuitazama ardhi, na kusema mguu huu, halafu huu. Anayesema hivyo hawezi kuondoka. Lazima abaki hapo mpaka mwisho.

Sasa nirudi kwenye ile siku yetu ya mwisho. Alikuwa amekonda, kifua kikimsumbua, amelala ubavu akiutazama ukuta. Mwanawe alinipokea mlangoni. "Shikamoo, baba," akasema. "Tunamwambia asiogope, lakini halali. Mchungaji amekuja, amemwombea. Anakuulizia wewe tu." Nikaingia. Marehemu hakunigeukia. "Rika," akasema, "kaa nyuma yangu." Mkewe akaleta kigoda akakiweka kichwani pa kitanda, upande wa mgongo wake, mahali ambapo asingeweza kuniona. Tulizungumza kidogo, hapo ndipo aliponipa ruhusa ya kuandika. Kisha akasema, "Sema nami kama siku ile." Nilifahamu mara moja, na niliogopa kama siku ile, kwa sababu safari hii sikuziona nyayo. Nilianza hata hivyo. "Mguu wa kulia," nikasema. "Rudisha nyuma taratibu. Weka. Sasa wa kushoto." Na chini ya blanketi niliiona miguu yake ikisogea, mmoja, halafu mwingine. "Upo?" akauliza. "Nipo." Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu. Mkewe alisimama karibu na mlango, kitambaa mdomoni. Mwisho akauliza, "Nimefika kwenye mawe?"

Sikuweza kusema uongo. Sijui yaliko mawe ya mahali kule, wala nani ameyapaka chokaa. Nikamwambia, "Bado, rika. Karibu." Akapumua kwa nguvu, na nilipoona amesinzia nikaenda kuliwahi basi. Hilo ndilo swali nililoondoka nalo, na ndilo lililonimwagia gundi.

Baada ya mazishi, watu walipokuwa wakila, mkewe aliniita nyuma ya nyumba, karibu na kile kijito, maana marehemu alijenga palepale kwa mama yake. "Shemeji," akasema, "ulipoondoka nilikaa kwenye kigoda chako. Aliponiuliza kama upo, nilimwambia, shemeji amekwenda, lakini mimi nipo. Maneno yenu siyajui vizuri. Nilisema tu kulia, kushoto, kulia, kushoto, na hata mimi nilikuwa naogopa. Tulikuwa tukifanya hivyo kila akishtuka. Asubuhi ile ya mwisho akaniuliza kama amefika kwenye mawe. Nikamtazama miguu. Ilikuwa imeacha kusogea. Nikamshika kiunoni hivi, kwa mikono miwili, nikamwambia, umefika."

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema, 'Asante, mama.' Basi."

Hapo ndipo nilipolia, wasomaji wangu, mbele ya mjane wa watu, naye ndiye aliyenituliza. Somo nililolipata ni dogo, na nimelilipia kwa hofu nyingi: mtu anayeogopa hahitaji kuambiwa aache. Anahitaji mtu wa kukaa nyuma yake, atazame chini kwa niaba yake, amwambie pa kukanyaga, na ajibu "nipo" kila akiulizwa. Mimi bado naogopa. Nimerudi Lemara, nimemwonyesha mke wangu mahali pa kukiweka kigoda.